Tuta la Saba

Saa kumi na nusu alfajiri simu inalia.
"Tuta la saba linachemka," anasema Ngahuia,
wala hapandishi sauti, kama mtu anayeniambia
mkate umeisha dukani.

Natwaa koleo, toroli, kipimajoto kirefu,
na zile buti zilizoyeyuka soli kisigino cha kulia.
Husemwa pafukapo moshi pana moto.
Kwetu pafukapo pana maji,
na maji yenyewe hayabishi hodi.

Mabomba tunayafukua kila baada ya miezi minne.
Ndani maji yameacha ukoko,
mweupe, mgumu, tabaka juu ya tabaka,
kama sufuria ya mpishi aliyekwenda zake
akasahau jiko likiwaka.
Tunakwangua. Tunagonga. Tunakata kipande, tunaunga kingine.
Kule hotelini wageni wanazama hadi shingoni,
wanaguna kwa raha,
na hakuna anayeuliza joto lile limepita mikononi mwa nani.
Nao wana haki. Choo kikizibuka,
nani humpigia fundi makofi?

Hapa fedha haikai fedha.
Pete yangu iligeuka nyeusi wiki ile ile ya ndoa.
Mama mkwe, mtu wa kusini kwenye baridi, alidhani ni nuksi.
"Ni hewa tu, mama," nilimwambia,
"hewa ya hapa hula kila kinachojidai kung'aa."
Hula kufuli, hula friji,
hula nyaya za taa za barabarani,
ndiyo maana sina likizo ya Krismasi.

Hata wafu wetu hatuwachimbii.
Twawajengea juu, vyumba vyeupe vya saruji,
maana chini hakulaliki.
Bibi yake Ngahuia yuko pale, upande wa ziwani,
na bomba la inchi nne limepita ubavuni mwake.
Kila nikienda kufunga vali, namwomba radhi kwanza.

Sasa hili tuta.
Miwaridi mia na arobaini, tuliipanda Septemba
kwa ajili ya sikukuu ya mji.
Juzi kipimajoto kilisoma ishirini na mbili.
Leo, sabini na nane.
Udongo unatokota kama uji mzito,
unavimba, unapasuka, unavimba tena: puu. Puu.
Ngahuia anang'oa shina moja, ananusa mizizi.
"Viazi," anasema.
Tunacheka. Halafu hatucheki.

Safari kumi na tatu za toroli gizani.
Tunaokoa tisini na mmoja.
Mingine tunaiacha imesimama ndani ya mvuke,
maua bado mekundu juu,
chini yameshaiva.

Jua linatoka, tumeshafunga kamba na kibao cha HATARI.
Kabla ya chai watu wamejaa, simu juu,
wanapiga picha shimo.
Miezi mitatu tumepalilia pale,
sikumbuki mtu aliyepiga picha waridi.

Bwana Pritchard wa ofisi ya bustani anakuja na karatasi.
"Tamati, nani aliidhinisha kupanda hapa?"
Mimi natazama buti zangu.
Ngahuia ananyoosha kidole kwenye povu:
"Muulize huyo. Ndiye mwenye nyumba."

Jioni, wageni wamerudi kwenye maji yao,
nachomeka kipimajoto, nasogea, nachomeka tena.
Hatua tano: arobaini.
Hatua nane: thelathini na moja.
Hatua kumi na mbili: kumi na tisa.
Nachora mstari kwa kisigino kile kibovu.
"Hapa."

Ngahuia anapiga magoti, anashusha mwaridi wa kwanza,
anashindilia udongo kwa viganja,
kisha hauondoi mkono.
Anauacha pale kitambo,
kama anayepima homa ya mtoto
na hajaamua bado
kama amwamshe baba yake.